GPA ya 4.0 haisemi kama anajua kuhesabu matone ya dripu

*"Mimi ni mratibu wa shahada ya kwanza ya uuguzi katika chuo kikuu kimoja hapa Tanzania. Kila mwaka wa masomo una wanafunzi wapatao 80. Tunajiandaa kwa ukaguzi wa programu na tunatakiwa kuonyesha ushahidi kwamba wahitimu wetu wanayafikia matokeo ya ujifunzaji yaliyoandikwa kwenye mtaala. Nimekusanya GPA za miaka minne, matokeo ya mtihani wa leseni, na madodoso ambayo wanafunzi wamejaza wakisema wameridhika na masomo. Kwenye karatasi kila kitu ni kizuri. Lakini wauguzi viongozi wa wodi tunakopeleka wanafunzi wanatulalamikia: wa mwaka wa nne bado wanababaika kuhesabu dawa, na mgonjwa akibadilika ghafla wanasimama tu. Mwenzangu anasema hizo ni kelele za wodini, alama hazidanganyi. Je, ushahidi nilio nao unatosha? Kama hautoshi, tupime nini, na walimu tuko wanane tu?"*

Mwalimu, hapa kuna maswali mawili. La kwanza ni la wakaguzi: wanataka karatasi gani. La pili ni la wodini: hawa vijana wanaweza kazi au hawawezi? Nitaanza na la pili, kwa sababu ukilijibu kwa ukweli, la kwanza halitakusumbua sana.

Na nimwambie mwenzako kwa upole kwamba hizo kelele za wodini ni ushahidi. Tena ni ushahidi wa thamani kuliko dodoso, kwa sababu muuguzi kiongozi amemwona mwanafunzi wako zamu ya usiku, wagonjwa wamejaa, mwalimu hayupo. Una haki ya kusema malalamiko hayajapangiliwa, hayana idadi, na pengine yanatokana na wanafunzi wawili watatu waliomuudhi dada wa wodi. Sawa. Basi kazi yako ni kuyapima, siyo kuyapuuza.

Sasa tuangalie GPA inavyotengenezwa. Karatasi ya mwisho wa muhula ina alama 100. Mtungaji anaweka hesabu za dawa zenye alama tano, kisha maswali ya fiziolojia, ya magonjwa, ya mchakato wa uuguzi, na kadhalika. Mwanafunzi anayekosa hesabu zote bado ana alama 95 za kuokota kwingine. Anafaulu. Muhula unaofuata, vilevile. Anaweza kumaliza miaka minne bila kupata hata hesabu moja ya dozi, akaondoka na GPA ya 4.0, na hakuna mahali popote kwenye kumbukumbu za chuo panapoonyesha kasoro hiyo. Alama hazijadanganya, ila hazikuulizwa. Wastani kazi yake ni kujumlisha, na katika kujumlisha kile anachojua sana kinafunika asichokijua kabisa. Ukiongeza alama za mahudhurio na za kazi ya kikundi iliyofanywa na mmoja kwa niaba ya watano, namba inayobaki inasema mengi kuhusu bidii ya mtu na machache kuhusu tokeo lolote moja la mtaala wako.

Matokeo ya mtihani wa leseni yaweke kwenye taarifa, ni muhimu. Lakini yanakuja mwanafunzi akiwa ameshatoka mikononi mwako, na mara nyingi yanakufikia yakiwa orodha ya waliofaulu na waliofeli, bila kukuambia walifeli wapi. Nchini Marekani, ambako vyombo vya ithibati vinautazama sana mtihani wa leseni ya uuguzi wa huko, NCLEX, programu bado zinadaiwa ushahidi mwingine juu ya hiyo namba. Na mtihani wenyewe ulibadilishwa Aprili 2023 ili upime zaidi uamuzi wa kitabibu: mtahiniwa anapewa mgonjwa ambaye hali yake inabadilika hatua kwa hatua, aseme ameona nini, kipi cha kwanza, na atafanya nini. Lalamiko la wodi zako ni lilelile. Kumbe hamko peke yenu.

Dodoso la kuridhika lina kazi yake. Linakuambia kama maabara ya stadi ina vifaa, kama mwalimu anafika darasani, kama mwanafunzi anadhani ameiva. Kudhani ameiva na kuiva ni mambo mawili, na binadamu tunajipima vibaya, hasa wale ambao bado hawajui wasichokijua. Kwa hiyo liite ushahidi wa pembeni, uliweke nyuma ya ushahidi wa tendo.

Tendo lenyewe linapimwaje? Mwaka 1990 daktari na mwalimu wa Marekani, George Miller, alichora piramidi ambayo hadi leo sijaona mchoro unaoishinda kwa urahisi wake. Chini kabisa mtu anajua. Juu yake, anajua namna ya kufanya. Juu yake tena, anaonyesha namna mbele ya mtahini. Kileleni, anatenda, kazini, asipotazamwa kama mtahiniwa. Maswali ya kuchagua yanapima ngazi ya kwanza, na ya pili yakitungwa vizuri. Mtihani wa vituo, ule tunaouita OSCE, ambapo mwanafunzi anapita kituo hadi kituo na kufanya kazi moja mbele ya mtahini, na ambao Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskochi, waliutangaza mwaka 1975, unapima ya tatu. Ngazi ya nne inaonekana wodini peke yake.

Tusije tukadhani ngazi ya tatu inaleta ya nne moja kwa moja. Mfano mzuri uko hapahapa kwetu, Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara. Wahudumu walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Walipopimwa baadaye kwa mwanasesere, walifanya vizuri zaidi kuliko mwanzo. Walipotazamwa chumba cha kujifungulia, na watoto wenyewe, utendaji haukubadilika inavyotakiwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Baadaye hospitali ikaleta mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale wodini, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikapungua. Ukisoma habari hiyo kama mwalimu wa uuguzi, unaona kwa nini mwanafunzi aliyepata A kwenye kituo cha maabara anaweza kuduwaa mbele ya mgonjwa, bila yeye kuwa mvivu na bila mtahini kuwa amependelea.

Nichukue malalamiko yako mawili, nikuonyeshe kwa karibu upimaji unavyoweza kuyakosa.

La hesabu. Swali la kawaida la mtihani ni hili: mgonjwa apewe mililita 1000 za dripu kwa saa 8, seti (mpira wa dripu) inatoa matone 20 kwa mililita, tafuta matone kwa dakika. 1000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, unapata 42 ukikadiria. Swali hilo limezunguka kwenye karatasi za zamani mpaka wanafunzi wamelikariri na jibu lake. Wodini, seti iliyokuja na shehena ya mwezi huu ni ya matone 15. Jibu sahihi sasa ni 31. Mwanafunzi aliyezoea 42 anafungua roda, kile kibanio cha kurekebisha kasi ya dripu, anahesabu 42 kwa uangalifu mkubwa, na dripu ya saa nane inaisha kama saa sita. Kwa kijana mwenye afya huenda lisiwe jambo. Kwa mzee mwenye moyo uliochoka, ni jambo. Mtihani ulipima kumbukumbu ya jibu. Tokeo la mtaala linasema "ahesabu na kutoa dawa kwa usalama", na usalama unaanza kwa kugeuza pakiti ya seti na kusoma namba iliyoandikwa pale. Upimaji unaofaa ni kumpa pakiti halisi, chati halisi ya dawa, na saa. Huo unamwona anasoma au hasomi.

La mgonjwa kubadilika. Mama amejifungua saa moja iliyopita. Mapigo ya moyo 88, kisha 104, kisha 120. Shinikizo la damu bado 110 kwa 70, na ndiyo maana wengi wanatulia. Kituo chako cha OSCE pengine kina orodha ya vipengele kumi: amejitambulisha, amenawa mikono, amepima mapigo, amepima shinikizo, ameandika kwenye chati, na kuendelea, hadi cha kumi, ameita msaada. Kila kimoja alama moja. Mwanafunzi anafanya tisa vizuri sana, haiti mtu, anapata 9 kwa 10. Mama anavuja damu, mwanafunzi ana asilimia 90. Orodha ya vipengele inapenda watu nadhifu, na unadhifu ni mzuri, lakini tokeo mlilolitaka ni kutambua hatari na kuchukua hatua. Kwenye kituo kama hicho, kutambua na kuita msaada viwe sharti la kufaulu. Asipotimiza, kituo kimemshinda hata kama alinawa mikono kama daktari wa upasuaji. Ila masharti ya namna hiyo yawe machache mno, moja au mawili kwa mtihani mzima, na wanafunzi wajulishwe kabla. Nimeona mahali kila kipengele kimegeuzwa kuwa cha kufa na kupona. Hapo mtihani unapima hofu.

Na alama ya kufaulu? Kusema "50 kwa sababu kanuni za chuo zinasema 50" hakumshawishi mkaguzi anayejua kazi yake, kwa kuwa 50 ya kituo rahisi na 50 ya kituo kigumu si kitu kimoja. Njia inayowezekana kwa chuo chenye wanafunzi 80 ni hii: kila mtahini, mbali na kujaza orodha, atoe hukumu moja ya jumla kuhusu mwanafunzi, kwamba amefaulu wazi, yuko mpakani, au hajafaulu. Baadaye chukueni wale wote walioitwa wa mpakani, tafuteni wastani wa alama zao za orodha. Huo ndio mstari wa kufaulu wa kituo hicho. Unaweza kutoka 46, unaweza kutoka 63. Kanuni za chuo mtazifuata kwa kuoanisha alama, kazi ambayo ofisi ya mitihani inaifahamu. Wale wa mpakani wakiwa wachache mno, wanne watano, mstari utayumba, na hapo mtahitaji mtu wa takwimu.

Ngazi ya nne, wodini, ndiyo yenye utajiri na ndiyo yenye mateso. Kitabu cha kumbukumbu za mazoezi, yaani logibuku, kinatakiwa kiwe ushahidi. Wewe na mimi tunajua kinachotokea: Ijumaa ya mwisho wa zamu mwanafunzi anamfuata muuguzi aliyechoka na kurasa ishirini, saini zinamwagika kwa kalamu moja, kwa mwandiko mmoja, hata kazi ya Jumatatu ya wiki ya kwanza. Saini hiyo inathibitisha kwamba mwanafunzi alikuwepo. Haithibitishi umahiri. Usikitupe kitabu, lakini usikipe uzito ambao hakiwezi kuubeba.

Badala yake ningeongeza uangalizi mfupi: dakika 10 hadi 15, mwalimu au muuguzi mwongozaji anamtazama mwanafunzi mmoja akifanya kazi moja halisi kwa mgonjwa halisi, anaandika alichokiona kwenye karatasi ya ukurasa mmoja, na anampa mrejesho palepale kabla hawajaachana. Mara moja haitoshi kumhukumu mtu, kwa sababu siku ina bahati zake na mgonjwa naye ana shida zake. Mara sita au nane kwa mwaka, kwa watazamaji tofauti, picha inaanza kukaa. Wauguzi wa wodi watakuambia hawana muda, na ni kweli. Usiwabebeshe wote. Chagua wawili au watatu kwa kila wodi, wafundishe nusu siku, na chuo kiwatambue kwa barua na kwa chochote kinachowezekana. Mwongozaji asiyetambuliwa atarudi kwenye kusaini kurasa ishirini.

Kuna jambo lingine la wodini ambalo karatasi haitalitatua. Watu wazuri wanashindwa kumfelisha mtu. Utafiti uliofanyika Uskochi na kutolewa mwaka 2003 ulionyesha wauguzi waongozaji wakiwapitisha wanafunzi waliowatilia shaka, kwa huruma, kwa kukosa uhakika, kwa kuogopa makaratasi, au kwa kuamini atakayefuata ndiye atakayemkamata. Kwetu ongeza kwamba mtoto ni wa fulani, ada imelipwa kwa kuuza ng'ombe, na amebakiza muhula mmoja. Dawa yake ni kumpa mwongozaji njia fupi ya kusema "nina wasiwasi" mapema, wiki ya pili na siyo ya mwisho, na kumhakikishia kwamba chuo kitakuja kuangalia na hakitamwacha peke yake na mwanafunzi anayelia.

Sasa hesabu ya watu wanane. Ukitaka OSCE ya vituo 12, dakika 8 kila kimoja na dakika moja ya kuhama, mzunguko mmoja unakula dakika 108 kwa wanafunzi 12. Kwa 80 ni mizunguko saba, zaidi ya saa 12 na nusu. Hapo una siku mbili, au mistari miwili sambamba kwa siku moja ndefu yenye watahini 24. Kwa watu wanane haiwezekani bila kukopa watahini hospitalini na kuweka vituo kadhaa vya kuandika visivyohitaji mtahini. Punguza vituo hadi vitano na utaimudu, lakini vituo vitano havitoshi kumwamulia mtu afaulu au afeli mwaka. Vinatosha kukuonyesha kundi zima limekwama wapi. Hilo la pili ndilo mnalolihitaji kwa ukaguzi, kwa hiyo anzeni hapo bila kuona haya.

Na msipime kila kitu. Mitaala mingi ina matokeo kumi au zaidi, na waratibu wengi wakisikia neno ukaguzi wanataka kupima yote, miaka yote, kwa wanafunzi wote. Matokeo yake ni makabati ya mafaili ambayo hakuna aliyeyasoma. Mwaka huu chagueni matatu. Ningechukua usalama wa dawa, kutambua mgonjwa anayezorota, na makabidhiano ya zamu, kwa sababu makabidhiano yanaonyesha kama mtu ameelewa mgonjwa wake au amekariri chati. Mengine yapangieni mzunguko ili ndani ya miaka minne kila moja liwe limefikiwa.

Kabla ya kupima, chora jedwali: safu za matokeo, nguzo za kozi, na kila kisanduku kiseme tokeo linaanzishwa, linafanyiwa mazoezi, au linapimwa. Kazi hiyo ni ya mchana mmoja, walimu wote mezani. Karibu kila mara linajitokeza tokeo ambalo kila mtu alidhani mwenzake ndiye analipima. Kisha wekeni lengo kabla ya kuona namba. Kwa hesabu za dawa mimi ni mkali: 10 kwa 10, kwa maswali mapya kila mara, na mwanafunzi aruhusiwe kurudia baada ya kusaidiwa. Wapo wenzangu wanaoona 9 inatosha, na sababu zao nazielewa, lakini mgonjwa wa swali la kumi siwezi kumweleza. Kwa makabidhiano, lengo la asilimia 80 ya wanafunzi kufikia kiwango mlichokubaliana ni la haki kwa mwanzo.

Zipo hali ambazo majibu ya maandishi kama haya hayatoshi. Ikiwa kuna mwanafunzi ambaye wodi imesema ni hatari kwa wagonjwa, usisubiri jedwali wala kikao cha muhula. Nenda wodini kesho, ongea na kiongozi wa wodi na mwanafunzi mwenyewe, na mumwondoe kwenye utoaji dawa bila msimamizi mpaka mjue tatizo. Kuhusu kupanga mstari wa kufaulu na kuchambua maswali, tafuta mtu wa upimaji kwenye idara ya elimu au takwimu ya chuo chenu, akae nanyi na data zenu. Tafsiri ya matakwa ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) na ya Baraza la Uuguzi na Ukunga (TNMC) iombeni kupitia kitengo cha udhibiti ubora cha chuo, kabla hamjaandika taarifa. Na mkitaka kuchapisha mtakachokipata, kibali cha maadili kiombwe kabla ya kukusanya, kwa kuwa hao ni wanafunzi wenu na hawawezi kukukatalia kwa uhuru.

Kuhusu taarifa yenyewe: huna data za miaka minne za matokeo haya matatu, usijaribu kuzitengeneza kutoka kwenye GPA. Weka jedwali la mtaala, weka matokeo ya duru moja hata kama ni mabaya, kisha weka muhtasari wa kikao kilichoyajadili: nani alikuwepo, mliamua kubadilisha nini, nani atafanya, lini mtapima tena. Kama asilimia 55 tu walipata hesabu zote na mkaamua kuingiza mazoezi ya dakika kumi kila wiki kuanzia mwaka wa pili, andika hivyohivyo. Malalamiko ya wodi nayo yaambatishe, pamoja na barua uliyowajibu wauguzi viongozi. Kama bado hujawajibu, waandikie wiki hii.